Je, Ni Moto Uliomponya? Somo Juu ya Mguu wa Punda na wa Farasi

Muhula uliopita, tulipokuwa tukijifunza habari za mifupa na misuli, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akaniuliza swali. Alisema, "Mwalimu, punda akivimba mguu huchomwa kwa chuma cha moto, naye hupona. Kwa nini basi watu husema ni vibaya?" Kengele ililia kabla sijamjibu. Nilimwahidi kwamba jibu lake nitaliandika katika gazeti letu la shule, ili na wazazi walisome. Leo natimiza ahadi hiyo. Kwanza nasema kwamba swali lake ni zuri. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake niliamini hivyo hivyo, na imani yangu ilimpotezea mtu mwingine punda wake.

1. Wanyama wa mizigo katika nchi yetu

Wanyama wa mizigo hawakuwa wengi kamwe katika nchi hii ya Masasi na Newala. Sababu kubwa ni mbung'o, ambaye humwambukiza mnyama ugonjwa wa nagana. Farasi hauvumilii kabisa. Punda huuvumilia kidogo zaidi, lakini naye huugua. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 majeshi yalileta farasi na nyumbu kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki, nao wakafa kwa maelfu. Vita vilipofika pande zetu mwaka 1917, kabla Jemadari von Lettow-Vorbeck hajavuka Ruvuma mwezi wa Novemba, mizigo mingi ilikuwa imekwisha kuangukia vichwani na mabegani mwa wapagazi. Wengi wao hawakurudi makwao.

Lakini haja ya mnyama wa mizigo twaijua sote. Uwanda wa juu wa Wamakonde una mchanga unaonywa mvua upesi, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kabla ya mabomba kufika, mama zetu walishuka na kupanda genge kwa ajili ya ndoo moja ya maji, na hata leo bomba likikauka njia ni ile ile. Ndiyo maana mtu aliyepata punda alionekana kuwa amepata utajiri.

2. Mambo yaliyonipata

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikaa kwa mjomba wangu karibu na ukingo wa uwanda, upande wa Newala. Mjomba alikuwa amenunua punda dume kule Masasi. Punda huyo alishuka bondeni kila asubuhi na kupanda na madumu manne ya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo madumu manne ya lita ishirini ni kilo 80, bila kuhesabu sogi.

Siku moja ya mwezi wa Julai aliteleza kwenye mteremko. Kesho yake alichechemea, na mguu wake wa mbele ulikuwa umevimba upande wa nyuma, chini ya goti, kama kwamba ndizi imefichwa chini ya ngozi. Ukiugusa ulikuwa wa moto. Mjomba akamwita mzee mmoja aliyesifiwa kuwa fundi wa kuchoma.

Mzee alipasha moto kipande cha nondo katika mkaa hata kikawa chekundu. Mdomo wa juu wa punda ulikazwa kwa kamba ili asahau maumivu mengine, nami nikaambiwa nishike kichwa. Mzee akapitisha chuma juu ya uvimbe, mistari sita upande wa kulia na sita upande wa kushoto. Nilimwuliza kwa nini mguu wenye joto uongezwe joto. Alinijibu, "Mjukuu wangu, dawa ya moto ni moto." Punda hakulia, bali alitetemeka mwili mzima, na mate yake yakanilowesha mikono. Harufu ya nywele na ngozi iliyoungua naikumbuka mpaka leo.

Mzee alipokuwa akiondoka alimwambia mjomba, "Asibebe kitu mpaka mvua ziishe." Mjomba alitii. Punda alipumzika miezi kumi, akila na kutembea taratibu. Mvua zilipoisha alikuwa hachechemei tena. Kila aliyepita alisema, "Tazama kazi ya moto!" Nami nilisema hivyo hivyo.

Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, punda wa bibi mmoja mjane, jirani yetu, aliumia mguu kwa namna ile ile. Bibi alisitasita. Mimi ndiye niliyemwambia, "Bibi, wa mjomba alichomwa akapona, na huyu naye atapona." Mimi ndiye niliyekwenda mbio kumwita fundi. Mzee alikuja, akachoma, akaagiza tena kwamba mnyama apumzike. Lakini bibi hakuwa na mtu wa kumchotea maji. Baada ya siku nne akamrudisha punda njiani na madumu mawili, kwani tuliamini kwamba moto umekwisha kufanya kazi yake.

Siku ya kumi na mbili punda alikuwa amekakamaa miguu kama meza. Masikio yalisimama, mkia uliinuka, na ile ngozi ya ndani ya jicho ilikuwa imetokeza na kufunika sehemu ya jicho. Aliposikia mlango ukigongwa alishtuka mwili wote. Taya zilikuwa zimefungana, hakuweza kula. Bwana Mifugo alipofika alimtazama, akatazama vidonda vya mguuni vilivyokuwa na usaha na vumbi, akasema, "Hii ni pepopunda. Mmeniita mmechelewa." Punda alikufa siku ya tatu.

Nilimwuliza Bwana Mifugo kwa nini punda wa mjomba alipona. Naye akaniuliza, "Yule alipumzika muda gani?"

"Miezi kumi, Bwana."

"Na huyu?"

"Siku nne."

"Basi, kijana," akasema, "unajuaje kwamba yule aliponywa na moto, wala si na miezi kumi?"

Sikuwa na jibu. Bibi hakunilaumu. Aliniambia, "Mjukuu wangu, hukukusudia," kisha akaweka ngata kichwani akashuka bondeni. Tangu siku ile hata nilipoondoka kwenda kusoma mbali nilimchotea maji kila Jumamosi. Lakini Jumamosi ni siku moja tu, na juma lina siku saba.

3. Mguu wa farasi na punda umeumbwaje

Sasa tutazame elimu yenyewe. Shika mkono wako wa kushoto juu ya kifundo, kisha chezesha vidole. Utaona misuli ikicheza karibu na kiwiko, na kamba ngumu zikipita kifundoni kwenda vidoleni. Kamba hizo huitwa kano. Kazi ya kano ni kuunganisha msuli na mfupa.

Farasi na punda husimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu katika kila mguu, na ukwato ndio ukucha wa kidole hicho. Chini ya goti la mbele hawana msuli wa kuvuta mguu; kuna mfupa, kano, mishipa na ngozi tu. Kano zilizo nyuma ya muundi husaidia kubeba uzito wa mnyama na mzigo wake. Mguu ukikanyaga, kano hunyumbuka kama mpira. Mguu ukiinuka, hurudi. Zikivutwa kupita kiasi, baadhi ya nyuzi zake hukatika ndani, ingawa ngozi ya nje ni nzima. Huo ndio uvimbe niliouona kwa punda wa mjomba.

Kano hupata damu kidogo tu, kwa hiyo hupona polepole sana. Mambo huenda kwa hatua tatu. Kwanza, kwa siku chache hadi majuma mawili, kuna joto, uvimbe na maumivu. Pili, kwa majuma kadhaa, mwili hutengeneza nyuzi mpya, lakini zimekaa ovyo kama majani yaliyotupwa. Tatu, kwa miezi mingi, nyuzi hizo hupangwa polepole kufuata njia ya mvuto, mradi mnyama atembezwe kidogo kidogo. Kazi hiyo yote huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili, na pengine zaidi. Hata hapo kovu halinyumbuki kama kano ya asili, na mguu huo huweza kuumia tena.

Basi, mwanafunzi, linganisha hesabu hii na ile miezi kumi ya mjomba.

4. Desturi ya kuchoma ilitoka wapi

Watu wengine hudhani kuwa kuchoma ni jambo la wafugaji wa Afrika tu. Si kweli. Waarabu wametumia moto tangu zamani kwa ngamia, farasi na hata watu, nao wana usemi kwamba moto ndio dawa ya mwisho. Wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya huchoma tezi zilizovimba za ng'ombe mwenye ndigana kali, ingawa ugonjwa huo huletwa na kijidudu kilichomo katika damu na tezi, kilichotoka kwa kupe, wala chuma hakikifikii.

Huko Ulaya nako, shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama ilianzishwa mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Lakini madaktari wenye vyeti waliendelea kuchoma miguu ya farasi kwa zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Wengine walichora mistari kama ya yule mzee wetu, wengine walidunga vitone kwa ncha ya chuma. Wengine walipaka dawa kali yenye zebaki ili ngozi ifanye malengelenge. Walifikiri kwamba maumivu mapya yataleta damu nyingi mahali palipoumia, na kwamba kovu la ngozi litakaza kano kama bendeji ya kudumu.

Mwishowe wataalamu wa Uingereza waliamua kupima jambo hili badala ya kubishana. Uchunguzi wao, ulioongozwa na Profesa Silver wa Chuo Kikuu cha Bristol, ulitangazwa mwaka 1983. Waliwalinganisha wanyama wenye kano zilizoumia, waliochomwa na wasiochomwa. Waliona kwamba moto haukuharakisha kupona kwa kano. Baadaye Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama cha Uingereza kilitoa msimamo kwamba kuchoma kano za farasi hakupatani na maadili ya kazi hiyo. Hata hivyo mabishano hayakuisha mara moja. Wako madaktari na wenye farasi wa mashindano waliosema, "Sisi tumeona kwa macho yetu farasi wakipona." Maneno yao ni yale yale ya mwanafunzi wangu, na yale yale niliyoyasema mimi.

5. Kwa nini macho yetu hutudanganya

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wenye kusema "tumeona" hawasemi uongo. Wameona mnyama akichomwa, na wameona akipona. Jambo ambalo hawakuliona ni uhusiano baina ya hayo mawili; huo wameuongeza wenyewe. Jogoo huwika, kisha jua hutoka. Lakini ukimchinja jogoo, jua litatoka vile vile.

Kuna sababu tatu za kukosea. Kwanza, aliyechomwa hupumzishwa, kwa kuwa ana vidonda na kwa kuwa fundi ameamuru. Moto na mapumziko huja pamoja, na sifa zote hupewa moto kwa sababu ndio uliotushtua. Pili, majeraha mengi hupona yenyewe yakipewa muda. Tatu, tunakumbuka waliopona na kuwasimulia. Waliokufa huzikwa pamoja na habari zao.

Mfano mzuri uko katika historia ya nchi yetu hii. Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone alifika Mikindani akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kufuata bonde la Ruvuma na kujua kama wanyama hao wataweza kuvumilia mbung'o. Lakini askari aliokuja nao kutoka Bara Hindi waliwatwisha wanyama mizigo kupita kiasi, wakawapiga na kuwajeruhi. Wanyama walipodhoofika na kufa mmoja mmoja, Livingstone mwenyewe hakuweza kutenganisha madhara ya mbung'o na madhara ya fimbo. Sababu mbili zilikuwa zimechanganyika, na jaribio lake likaharibika.

Nami yanipasa kujipima kwa kipimo hicho hicho. Siwezi kuapa kwamba vijidudu vya pepopunda viliingia kwa bibi kupitia vidonda vya moto. Yamkini yule punda alikuwa na mkwaruzo mwingine ukwatoni. Punda mmoja aliyekufa hathibitishi ubaya wa moto, kama vile punda mmoja aliyepona hathibitishi wema wake. Ndiyo maana tunahitaji kulinganisha wengi. Lakini jambo moja nalijua bila shaka: kijidudu cha pepopunda hukaa katika udongo na mavi, huingia penye kidonda, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nacho upesi kuliko wengine. Wazee waliotunga jina la ugonjwa huu walimtia punda ndani yake. Kumfungulia mnyama wa namna hiyo vidonda kumi na viwili karibu na ardhi, bila faida ya kano, ni kumwongezea hatari bure.

6. Lifaalo kutendwa

Nisieleweke vibaya kwamba kila cha wazee ni kibaya. Kumsimamisha mnyama katika maji baridi ya kijito, kama wafanyavyo wengine, ni tiba njema. Kumfunga mbuzi aliyevunjika mguu kwa vijiti na magome ni kazi ya ustadi. Na yule mzee fundi alijua jambo moja kubwa, yaani mapumziko. Lau tungalishika neno lake hilo na kuacha nondo yake, tungalifanya vema.

Punda akiumia mguu, fanya hivi:

(a) Mshushe mzigo papo hapo, wala usimlazimishe kufika nyumbani na mzigo.

(b) Tazama ukwato kwanza. Huenda ni jiwe au mwiba tu.

(c) Siku mbili za kwanza, mwagia mguu maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Kisha funga kitambaa kinene kwa pamba au nguo laini, lakini usikaze mno.

(d) Mwite Bwana Mifugo mapema. Usipake mafuta ya taa, wala oili chafu ya gari, wala dawa ya kuchubua.

(e) Mpumzishe. Baada ya majuma ya kwanza, mtembeze kidogo kila siku, ukiongeza polepole kama ushauriwavyo.

(f) Mchanje chanjo ya pepopunda kabla hajaumia.

(g) Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150 asibebe zaidi ya kilo 50 pamoja na sogi, na penye mlima apunguziwe. Madumu mawili yatosha.

Tena tukumbuke kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama bila sababu ya haki.

Kwa wazazi nina neno moja. Najua kwamba kumpumzisha punda miezi kumi si jambo rahisi kwa mwenye punda mmoja. Bibi yule hakuwa mjinga. Alikuwa na kiu na hakuwa na msaidizi. Kwa hiyo jirani akiumiwa na mnyama wake, tusimpelekee ushauri tu kama nilivyofanya mimi. Tumpelekee na ndoo ya maji.

Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, hilo ndilo jibu lako. Ukimwona mnyama amepona baada ya dawa, furahi, kisha uliza: kama asingepewa dawa ile, angekuwaje?

Maswali ya mazoezi

1. Taja kazi ya kano, na ueleze kwa nini kano hupona polepole kuliko msuli.

2. Punda wa mjomba alipata mambo mawili kwa pamoja baada ya kuumia. Yataje. Ni lipi lingeweza kumponya peke yake?

3. Jaribio la Livingstone la mwaka 1866 lilikuwa na kasoro gani? Wewe ungelipangaje?

4. Punda ana uzito wa kilo 135. Sogi ni kilo 5. Atabeba lita ngapi za maji bila kuzidisha theluthi ya uzito wake?

5. Waulize wazee wawili nyumbani juu ya dawa moja wanayoiamini. Andika sababu wanazozitoa, kisha sema ni mambo gani ungepaswa kuyalinganisha ili kujua kama ni dawa kweli. Waulize kwa heshima. Wao wameona mengi.